Mashine Inayougua kwa Kupumzika: Tafakari juu ya Matunzo ya Mashine ya Kufyekea Nyumbani

Kazi yote ya mashine ya uzi ya kufyekea majani, ile yenye mpini mrefu, injini ndogo upande mmoja na kichwa kinachozunguka upande wa pili, hufanywa na kitu kilicho dhaifu kuliko vyote vilivyomo ndani yake, yaani uzi wa nailoni wenye unene wa milimita 2 hadi 3. Uzi huo ukiwa umetulia hukunjika kwa kidole kimoja na hauwezi kukata hata shina la mchicha. Lakini ukizungushwa mara 7,000 kwa dakika, huku ukichora duara lenye kipenyo cha sentimita 40, ncha yake hupata mwendo wa karibu mita 147 kwa sekunde, ambao ni zaidi ya kilomita 500 kwa saa, na kwa mwendo huo hunyooka, hukakamaa na kulivunja jani kwa pigo. Uzi hauna makali. Una mwendo tu. Kwa hiyo kila kinachoupunguza mwendo huo, kiwe ni uchafu katika njia ya petroli, vumbi katika chujio la hewa au grisi iliyokauka ndani ya gia, huinyima mashine uwezo wa kukata, na anayeitunza mashine ya namna hii huwa, kwa hakika, anautunza mwendo.

Jambo ambalo wenye mashine hizi majumbani hawalitilii maanani ya kutosha ni kwamba adui yao mkubwa si kazi. Pikipiki ya bodaboda hufanya kazi mchana na usiku, na kwa sababu hiyohiyo hupata macho ya mwenyewe kila siku: husikilizwa mlio wake, huoshwa, hubadilishwa oili, na hitilafu yake hujulikana siku inapoanza. Mashine ya kufyekea ya nyumbani haina bahati hiyo. Hufanya kazi wakati wa masika na kidogo wakati wa vuli, siku chache katika kila msimu, kisha hutundikwa ukutani stoo ikiwa na petroli iliyobaki tumboni, majani mabichi yaliyogandamana chini ya kinga yake, na chujio lililojaa vumbi. Katika maeneo ya bara yenye msimu mmoja tu wa mvua, kama Dodoma na Singida, huenda isiguswe kwa nusu mwaka. Mvua zinaporudi na nyasi kufika magotini, kamba ya kuwashia huvutwa mara kumi, mara ishirini, na injini haingurumi. Hapo husemwa kwamba mashine imeharibika, ilhali iliharibika zamani, polepole, katika miezi ambayo hakuna aliyeitazama.

Chombo hiki chenyewe kilizaliwa kutokana na haja ya nyumbani. Mwaka 1971, huko Houston katika jimbo la Texas, Marekani, George Ballas alikuwa akitafuta njia ya kukata majani yaliyozunguka mashina ya miti bila kuyajeruhi magome yake, jambo ambalo kisu cha chuma hakikumruhusu. Wazo alilipata mahali pa kuoshea magari, alipoziona brashi kubwa zikizunguka na kunyooka kwa kasi, zikisugua kila pembe ya gari bila kuikwaruza. Akachukua kopo la bati, akalitoboa, akapitisha nyuzi za kuvulia samaki katika matundu yake, akalifunga kwenye mashine iliyokuwa ikitumika kupunguza kingo za bustani, na kopo hilo likakata majani. Nailoni ilikuwa tayari imekuwapo kwa zaidi ya miaka 30, kwani Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont waliitengeneza mwaka 1935. Kilichokuwa kipya ni kuona kwamba kitu laini kikipewa kasi hutosha kufanya kazi ya kisu. Hadithi hiyo ina faida kwa anayetaka kuitunza mashine, kwa sababu humwonyesha kwamba tangu mwanzo ilikusudiwa kukata kwa upole, pembeni mwa ukuta, kando ya ua na chini ya miti, wala haikukusudiwa kufyeka msitu.

Moyo wa mashine nyingi kati ya hizi ni injini ya mapigo mawili, na bila kuielewa injini hiyo hakuna matunzo yatakayofaa. Pigo ni safari moja ya pistoni, ama kupanda ama kushuka, ndani ya silinda. Katika injini ya mapigo manne, kama ile ya bodaboda au ya gari, pistoni husafiri mara nne ili petroli iungue mara moja, na oili hukaa katika chumba chake chini ya injini, ambako huzunguka, hulainisha vyuma na kurudi palepale, isichanganyike kamwe na petroli. Katika injini ya mapigo mawili pistoni husafiri mara mbili tu, na chumba kile cha chini hakihifadhi oili, kwa kuwa ndicho njia ya hewa na petroli: pistoni inapopanda huuvuta mchanganyiko huo chini yake, na inaposhuka huusukuma upande wa juu ili ukaungue. Kwa mpangilio huo hakuna mahali ambapo oili ingeweza kukaa kwa utulivu. Haina budi kusafiri ndani ya petroli yenyewe, iguse beringi na kuta za silinda inapopita, kisha iungue na kutoka pamoja na moshi.

Hii ndiyo sababu petroli ya mashine ya kufyekea huchanganywa na oili maalumu, ile ambayo chupa zake huandikwa 2T, na hii ndiyo sababu pia mashine nyingi hufa katika saa yao ya kwanza ya kazi. Mtu aliyezoea pikipiki za siku hizi hutafuta mahali pa kumimina oili, haoni, hudhani kwamba kiwandani walikwisha kuiweka, hujaza petroli tupu na kuwasha. Injini huwaka vizuri, pengine kwa mlio mkali na wa kuvutia kuliko kawaida, kwa dakika chache. Kisha pistoni, ambayo haina chochote cha kuitenganisha na ukuta wa silinda, hupata moto, hutanuka, hukwaruza na kung'ang'ania. Mafundi husema injini imenoki. Kwa mashine ya bei ndogo, gharama ya silinda mpya, pistoni mpya, ringi na kazi ya fundi huikaribia bei ya mashine nyingine, na ile iliyonunuliwa wiki iliyopita huishia kuwa chuma chakavu.

Ujuzi wa kuchanganya si mgeni Afrika Mashariki. Wavuvi wa pwani na wa Ziwa Victoria wanaosukuma boti zao kwa injini za mapigo mawili wanaujua tangu utoto, kwa sababu kwao kosa la kipimo ni kubaki katikati ya maji. Waendeshaji wa Vespa za zamani huko Unguja waliujua, na wenye jenereta ndogo za mapigo mawili wanaujua hadi leo. Ni katika nyumba za mijini, ambako mashine hununuliwa kwa haraka nyasi zinapozidi, ndipo ujuzi huo umekatika, na si haki kuwadharau waliokosa kuambiwa.

Uwiano hutofautiana. Mashine nyingi za watengenezaji wakubwa hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, maana yake mililita 20 za oili katika kila lita moja. Nyingi za bei nafuu zenye injini ya sentimita za ujazo 43 au 52 hutaka 25 kwa 1, yaani mililita 40 kwa lita. Kipimo kinachofuatwa ni kile kilichoandikwa katika kitabu cha maelekezo au kwenye mfuniko wa tangi la mashine husika, wala si kile cha jirani. Kizibo cha chupa si kipimo, kwa sababu vizibo havilingani, na kukadiria kwa jicho ni hatari zaidi. Chombo bora na cha bei ndogo kipo katika kila duka la dawa, nacho ni bomba la sindano la mililita 20, ambalo bila sindano yake hupima oili kwa usahihi unaotosha kabisa. Petroli nusu hutangulia katika dumu safi, oili hufuata, dumu hutikiswa, petroli iliyobaki humiminwa, kisha hutikiswa tena, na kila mara kabla ya kujaza tangi mchanganyiko hutikiswa upya.

Wapo wanaodhani kwamba kuzidisha oili ni kuidekeza mashine. Fikra hiyo ina nia njema lakini haina ukweli. Oili iliyozidi haiungui yote. Hubaki kama masizi meusi kwenye plagi, kwenye tundu la kutolea moshi na katika wavu mdogo wa kuzuia cheche uliomo ndani ya bomba la moshi, mpaka injini ikose pumzi. Zaidi ya hayo, katika kila tone linalopita kwenye kabureta, wingi wa oili ni upungufu wa petroli, na petroli ikipungua dhidi ya hewa moto wa ndani huongezeka. Plagi yenyewe hutoa ushahidi kwa yeyote anayeifungua: ncha ya rangi ya hudhurungi isiyokolea huonyesha kwamba mwako ni mzuri, ncha nyeusi yenye majimaji huonyesha oili nyingi au hewa kidogo, na ncha nyeupe iliyokauka ni onyo kwamba injini inaungua kwa joto kupita kiasi. Kuifungua plagi, kuisugua kwa brashi ya waya na kuangalia kwamba nafasi ya cheche ni kama milimita 0.6 ni kazi ya dakika chache, nayo humfundisha mwenye mashine hali ya injini kuliko kusikiliza mlio wake kwa mwezi mzima.

Katika suala la mchanganyiko lipo pia jambo la haki, na si la ufundi tu. Katika nyumba nyingi mwenye mashine si anayeitumia; anayeitumia ni kijana wa bustani au kibarua wa siku, ambaye hukabidhiwa mashine, hupewa pesa ya petroli na kuonyeshwa mahali pa kufyeka, bila kuelezwa neno lolote juu ya oili. Injini inaponoki, hasara hukatwa katika ujira wake. Huo ni uonevu. Aliyenunua mashine ndiye aliyepokea kitabu cha maelekezo, na wajibu wa kuuandika uwiano kwa wino usiofutika juu ya dumu, kwa Kiswahili kinachosomeka, ni wake. Dumu hilo halipaswi kuwa chupa ya maji ya kunywa wala ya soda, kwa sababu petroli iliyochanganywa huwa na rangi, na rangi humvutia mtoto mwenye kiu. Na halipaswi kukaa jikoni wala karibu na jiko la mkaa, kwani mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kuufuata moto ulipo.

Mzizi wa maradhi ya kupumzika umo katika petroli. Petroli si kitu kimoja. Ni mkusanyiko wa vimiminika vingi, vingine vyepesi ambavyo hugeuka mvuke upesi na kuiwezesha injini kuwaka ikiwa baridi, vingine vizito ambavyo huungua baadaye. Ikiachwa katika tangi lenye mfuniko wenye tundu la kupumulia, vile vyepesi hutoroka, na vilivyobaki huungana na oksijeni ya hewa na kutengeneza utomvu wa rangi ya kahawia unaonata. Vitabu vingi vya maelekezo hushauri kwamba petroli iliyochanganywa isitunzwe zaidi ya siku 30, na katika joto la Mombasa au Dar es Salaam, ambako stoo ya mabati huiva mchana kutwa, ni busara kuhesabu pungufu ya hapo. Petroli ya masika iliyongoja mpaka vuli, hata ikinuka petroli, haifai tena kupewa injini ndogo.

Utomvu huo huishia katika kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Kabureta ya pikipiki huwa na kibakuli na boya, na hufanya kazi ikiwa imesimama wima. Kabureta ya mashine ya kufyekea haikuweza kufuata muundo huo, kwa kuwa mashine huinamishwa, hugeuzwa na kulazwa ubavu wakati wa kazi. Badala ya boya ina kiwambo, yaani utando mwembamba unaonesanesa kwa pumzi ya injini, ukivuta petroli kutoka tangini na kuiruhusu ipite kwa kiasi, bila kujali juu ni wapi na chini ni wapi. Ni ubunifu wa kupendeza, na ndio pia udhaifu wa mashine, kwa sababu utando huo hukakamaa ukiloweshwa na petroli mbovu au ukikaa miaka mingi, na matundu ambayo petroli hupitia ni membamba kiasi kwamba tone moja la utomvu hutosha kuyaziba. Dalili zake zinajulikana: mashine huwaka ikiwa choki imefungwa, yaani hewa imezuiwa ili petroli izidi, lakini choki inapofunguliwa na akseleta kuminywa, huzima kana kwamba imekatwa pumzi. Mwenye mashine hukimbilia kuzungusha skrubu za kabureta kwa bisibisi, jambo ambalo huongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Skrubu hazikujigeuza zenyewe stoo. Kinachotakiwa ni kuifungua kabureta, kuisafisha kwa dawa ya kusafishia kabureta na hewa, na kubadilisha kiwambo na gasketi zake, ambazo huuzwa pamoja katika pakiti moja kwa bei ndogo.

Lakini kinga ni rahisi kuliko tiba hiyo. Mwisho wa msimu, petroli iliyobaki humwagwa kutoka tangini na kurudishwa katika dumu ili itumike upesi, kipira cha kusukumia mafuta hubonyezwa mpaka kisionyeshe kitu, kisha injini huwashwa na kuachwa ingurume mpaka izime yenyewe kwa kukosa petroli. Wapo mafundi wanaoonya kwamba kiwambo kilichokaushwa nacho hukakamaa, na onyo lao lina msingi. Hata hivyo ukavu huharibu utando mmoja unaobadilishwa kwa urahisi, ilhali utomvu huziba njia zote za petroli, na kati ya hasara hizo mbili ya kwanza ni nafuu. Baada ya hapo plagi hufunguliwa, matone machache ya oili hutiwa katika tundu lake, na kamba huvutwa taratibu mara mbili tatu ili oili iupake ukuta wa silinda. Katika miji ya pwani, ambako hewa yenye chumvi hula chuma hata kilichofunikwa, hatua hiyo ndogo huiokoa silinda na ringi zake kutoka kwenye kutu ya miezi ya kungoja.

Chujio la hewa ni jambo fupi kulieleza na rahisi kulitenda, na labda ndiyo maana hupuuzwa. Likiwa ni la sponji, huoshwa kwa maji na sabuni, hukamuliwa bila kusokotwa, hukaushwa kivulini, hudondoshewa oili kidogo na kurudishwa. Vumbi jekundu la kiangazi ni mchanga uliosagwa, na likipenya hadi ndani hufanya kazi ya msasa kati ya pistoni na silinda. Mapezi ya chuma yanayoizunguka silinda nayo huhitaji kusafishwa kwa brashi, kwa sababu injini hii haina maji ya kuipoza, hupozwa na hewa tu, na majani yaliyokaukia katikati ya mapezi huifunga hewa hiyo. Kabla ya kuwasha baada ya mapumziko marefu inafaa pia kutazama ndani ya bomba la moshi na matundu ya kupoozea, kwani nyigu wanaojenga kwa udongo hupenda matundu yaliyotulia.

Uzi una tabia zake, na tabia iliyo muhimu kuliko zote ni kwamba nailoni hunywa maji. Molekuli za maji huingia kati ya minyororo yake na kuilainisha, hivyo uzi wenye unyevu hupinda bila kukatika, na uzi uliokauka kwa muda mrefu huwa mkavu kama ukoko, ukivunjika vipande vipande kila unapogusa ukuta. Wanaolalamika kwamba uzi wao ni mbovu, hasa wakazi wa maeneo makavu ya bara, wangeufanyia haki kwa kuuloweka ndani ya ndoo ya maji kwa usiku mmoja kabla ya kuusokota katika bobini. Kusokota nako kuna utaratibu: uzi hufuata mwelekeo wa mshale uliochorwa kwenye kichwa, hukazwa, hulazwa mzunguko kando ya mzunguko bila kupishana, na haujazwi mpaka ukingoni. Uzi uliopishana hujifunga, na uliosokotwa kwa ulegevu hutetemeka, husuguana, hupata moto na kuyeyuka hadi mizunguko ikashikana, kiasi kwamba kichwa kikigongwa chini uzi hautoki tena.

Hapa panafaa kutajwa kinga ya plastiki iliyo nyuma ya kichwa, ambayo watumiaji wengi huing'oa siku ya kwanza kwa kuiona kizuizi. Kinga hiyo ina kisu kidogo pembeni kinachokata uzi uliorefuka kupita kipimo. Ikiondolewa, uzi hurefuka, duara hupanuka, na injini hulazimika kuzungusha mzigo ambao haikuundiwa. Mizunguko hushuka, klachi huteleza na kuungua, na hewa ya kupoza hupungua wakati ambapo joto limeongezeka. Mtumiaji huona amekata eneo kubwa zaidi kwa mpigo mmoja, kumbe ameifupishia mashine maisha. Kinga pia humzuilia mtumiaji mawe, na kokoto inayorushwa na uzi wenye mwendo uliotajwa hapo juu huweza kupofua, ndiyo sababu maelekezo ya watengenezaji hutaka watu wengine wakae umbali wa mita 15 na anayefyeka avae miwani ya kujikinga, viatu vigumu na vizibo vya masikio.

Matunzo ya uzi hayaishii kwenye mashine. Kila milimita ya nailoni inayopungua kichwani hubaki mahali fulani uani, ikiwa vipande na chembe zisizooza kwa muda mrefu sana, zinazosombwa na mvua hadi mitaroni. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, na watu wa nchi hizo wamezoea kubeba vikapu sokoni. Ingekuwa jambo la kusikitisha iwapo plastiki iliyofukuzwa mlangoni ingeingia kwa njia ya uzi wa kufyekea bila kufikiriwa. Uzi uliolowekwa, uliosokotwa vizuri na unaotumiwa kwa ncha yake tu, bila kuusugua ukutani na kwenye mawe, hukatika kidogo zaidi na kuacha uchafu mdogo zaidi. Penye matete, mibaazi mikavu na vichaka vyenye miti, uzi haufai, na kisu cha chuma au kwanja la mkono ndicho chombo cha haki.

Na pale Ballas alipotaka kuyalinda magome, tahadhari bado inahitajika. Gome la mwembe mchanga au mchungwa wa miaka miwili ni jembamba, na chini yake tu ndipo hupita njia zinazoshusha chakula kutoka majanini kwenda mizizini. Uzi ukilipiga kulizunguka shina, hata kwa wiki tofauti tofauti, njia hizo hukatika na mti hufa polepole huku mwenyewe akilaumu ukame au mchwa. Inatosha kung'oa majani kwa mkono katika duara dogo kuzunguka shina, na kuliacha gome lisiguswe kabisa na mashine.

Yaliyobaki ni machache. Gia iliyo karibu na kichwa ina skrubu moja ubavuni, na baada ya kila saa 25 hivi za kazi hufunguliwa na kuongezwa grisi kidogo, bila kuijaza hadi itoke. Kichwa hakitakiwi kuzunguka wakati injini iko katika mzunguko wa chini, ule mafundi wanaouita silensa. Kikizunguka, ama silensa imepandishwa mno ama springi ya klachi imekatika, na mashine haifai kutumiwa mpaka irekebishwe. Mashine za betri, ambazo zimeanza kuonekana madukani, hazina petroli, kabureta wala plagi, lakini nazo huugua kwa kupumzika: betri ya lithiamu hudumu zaidi ikihifadhiwa ikiwa na chaji ya nusu hivi, mahali pa baridi, kuliko ikiachwa tupu au ikipikwa na joto la bati. Huko California, Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka 2021 iliwezesha kuzuia kuuzwa kwa injini ndogo mpya za bustani zinazotoa moshi kuanzia mwaka 2024, na miongoni mwa sababu ni kwamba injini ya mapigo mawili hutupa nje sehemu ya petroli yake bila kuiunguza. Afrika Mashariki haijafikia hatua hiyo. Mashine za petroli zitaendelea kunguruma katika nyua za shule, misikiti, makanisa na majumba kwa miaka mingi, na njia iliyo wazi ya kupunguza moshi wake ni kuzipimia oili sawasawa na kuzitunza.

Kwa hiyo msomaji mwenye mashine iliyotundikwa stoo na aombwe jambo moja: asingoje nyasi zirefuke. Wiki hii ailete nje, afungue tangi na kumwaga petroli iliyomo, aitazame plagi, aoshe chujio, akwangue majani yaliyogandamana chini ya kinga, kisha achukue kalamu ya wino usiofutika na kuandika juu ya dumu uwiano wa petroli na oili, ili yeyote atakayeishika mashine hiyo baada yake aujue.